Projekta ya Katekista

Siku projekta ilipoletwa kibandani kwangu nilikuwa nimeshaamua kufunga mapema. Mgongo ulikuwa unanikata tangu asubuhi. Mezani ilikuwepo amplifaya ya kwaya iliyoungua kwa sababu ileile inayoziunguza zote: watu wanaunganisha spika nyingi kuliko uwezo wa mashine, halafu wanamwachia Mungu. Nje, hapo jirani na soko la Mpanda, bajaji zilikuwa zinapigiana honi bila sababu ya maana. Nimeshughulika na sauti maisha yangu yote, na ukiniuliza leo ninachokipenda kuliko vyote nitakujibu ni kimya.

Mwanamke aliyeshuka kwenye bajaji alikuwa mtu mzima, tayari bibi wa watu, kilemba chake cha kitenge kimekaa sawasawa lakini vumbi la safari limemjaa mpaka kwenye kope. Alikuwa ametoka upande wa Kasekese. Dereva alimsaidia kushusha sanduku la chuma lenye mshikio juu, na kabla halijagusa chini nilishalitambua. Nilitamani kumwambia fundi hayupo, kafiwa, arudi wiki ijayo. Lakini alikuwa ameshanishika mkono kwa mikono yake miwili, amepiga goti kidogo, na ananiita baba. Mtu akishakuita baba namna ile huwezi tena kumwambia kwamba hupo.

Nikiwa kijana nilikuwa mwendesha sinema ya gari. Tulizunguka vijijini, mpaka Mamba huko Mpimbwe wakati wa mavuno ya mpunga, tunatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa shule, tunawaonyesha watu namna ya kuchimba choo na kupanda mahindi kwa mistari, na mwisho, kuwalipa uvumilivu wao, kichekesho. Baadaye video zikaja, gari likafa, likaota majani mpaka kwenye usukani. Nikaanza kutengeneza redio. Redio nazo zikaisha, sasa natengeneza mashine za kwaya na chaja za simu. Lakini mjini bado wapo wazee wanaokumbuka, na mtu akifukua projekta popote mkoani wanamwelekeza kwangu. Wengi huwa nawaambia wakaiuze chuma chakavu.

Huyu sikumwambia hivyo kwa sababu alinitangulia. Alikaa kwenye kigoda, akakataa soda, akakubali chai, akaanza mwanzo kabisa. Baba yake alikuwa katekista. Walikuwa miongoni mwa familia zilizokimbia Burundi, zikapewa pori huku, zikalifyeka. Siku hizi ni Watanzania wenye vitambulisho vyao, ila wakati ule walikuwa na mapanga na mbu tu. Padre mmoja Mzungu aliyekaa nao alipiga filamu ya miaka ile ya kwanza, watu wakikata miti, wakijenga, wakibatizwa. Maneno aliyaweka katekista, baba yake. Padre aliwasha projekta hiihii, katekista akakaa pembeni na maikrofoni, na picha zikipita ukutani yeye akawa anaeleza kwa Kirundi: huyu ni fulani, kile ni kisima chetu, yule anayekuja ni fulani.

Halafu akaniambia shida yenyewe. Katika filamu ile anapita mtoto, kaka yake, kifungua mimba wa wazazi wake, wakati huo ndio kwanza amejua kukimbia. Anakatiza mbele ya kamera na baba yake anamtaja kwa jina. Masika yaleyale homa ikamchukua. Tangu siku ya kumzika, katekista hakulitaja tena jina la mwanawe. Hakulia mbele za watu, hakuzungumza habari zake, na mkewe alipoomba waonyeshwe filamu tena, alijibu kwamba imeharibika, ameichoma pamoja na takataka za misheni. Mke, ambaye baadaye niligundua si mtu wa kuchezea, akaapa naye: hatalitaja jina lile mpaka mumewe alitaje kwanza. Wakaishi hivyo. Wakazaa wengine, wakalima, wakazeeka katika nyumba moja na kitanda kimoja, jina halikutajwa. Kisha katekista akafariki.

“Hata mimi silijui jina la kaka yangu,” alisema yule mama. “Mama anasema baba alimfuta mtoto. Anasema ni humu tu, kwenye filamu hii, alimomwacha. Anataka amsikie anavyomwita, basi.”

Filamu alikuwa ameiona mwenyewe kanisani, katika vitu vya zamani walivyokuwa wanavitoa, na projekta ilikuwa stoo ya misheni chini ya magunia. Sikuuliza zaidi. Nilichouliza ni kwa nini mama yake asingoje, tukaipeleka filamu Dar es Salaam kwa watu wenye mitambo. Akaniambia mama yake amezeeka, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na kivuli tu. Picha hazina faida kwake. Anachosubiri ni sauti, na anaulizia kila siku.

Niliichukua rili aliyokuja nayo, lile gurudumu la bati linalobeba filamu, nikaivuta ncha kidogo mwangani. Filamu nyingi tulizoonyesha zamani sauti yake ilikuwa imechorwa pembeni mwa picha, na taa ndogo ndani ya mashine huisoma. Hii pembeni mwake ulikuwepo mstari mwembamba wa kahawia, rangi ya utepe wa kaseti. Ni sauti ya sumaku. Mstari ule hupita juu ya kichuma kidogo ambacho sisi mafundi tunakiita hedi, kama kile cha redio kaseti, na hedi ndiyo inayosikia. Uzuri wake ni kwamba unaweza kurekodi mwenyewe, kama alivyofanya padre. Ubaya wake ni huohuo, maana mashine inayorekodi ndiyo inayofuta, na ukigusa swichi isiyo yake sauti imekwenda.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya, hata kabla ya kupangusa vumbi, ni kufungua ubavu wa projekta na kukata waya wa upande wa kurekodi. Yule mama alishtuka kuniona nakata. Nilimwambia atulie, nafunga mlango wa mwizi. Akacheka kidogo, akanywa chai yake, akaniachia mzigo.

Sikuwa na furaha na kazi ile. Watu wanadhani fundi mzee akirudishiwa mashine ya ujana wake anafurahi kama mtu aliyekutana na mchumba wa zamani. Mimi niliona viungo vinavyouma. Nyigu walikuwa wamejenga vijumba vya udongo ndani ya amplifaya mpaka wakaziba tundu la kuchomekea spika. Belti zilikuwa zimegeuka lami. Kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, zilikuwa zimevimba matumbo. Nikawa nakaa nazo baada ya kazi za kwaya, nimeinama, nikijiambia kwamba mtu mwenye akili angekuwa nyumbani ameweka miguu kwenye maji ya moto. Mke wangu alisema siku hizi naongea na marehemu wa watu kuliko ninavyoongea naye. Ilikuwa kweli.

Belti nilizitoa kwenye maiti za redio kaseti. Kapasita nilibadilisha, nyigu niliwahamisha, na mlio wa umeme, ule muungurumo unaokaa chini ya kila kitu, niliufuata mpaka nikaukuta kwenye waya wa ethi, ule wa ardhini, uliokatika ndani ya gamba lake. Hedi ilikuwa na uchafu mgumu wa kahawia, nikausugua kwa pamba na spiriti, taratibu, maana ukiikwaruza hedi umemaliza kila kitu. Kuijaribu sikutumia filamu ya watu. Nilichukua kipande cha utepe wa kaseti nikakipitisha juu ya hedi kwa mkono. Spika ikatoa mlio wa mtu anayesukutua mdomo. Ni mlio mbaya, lakini fundi akiusikia anajua hedi iko hai.

Likabaki jambo moja. Nilisogeza bisibisi ndogo karibu na hedi nikahisi inavutwa. Hedi ilikuwa imeshika usumaku, na hedi ya namna hiyo kila inachokisikia inakilamba kidogo. Ningeicheza filamu vile ilivyo, ningesikia sauti ya katekista huku naimaliza. Dawa yake ni koili, na koili nilikuwa nayo, ile inayokaa nyuma ya kioo cha televisheni za mgongo mkubwa. Unaiwasha, unaizungusha mbele ya hedi, kisha unaiondoa polepole ukirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mbali, ndipo unaizima. Muuza vocha wa jirani aliniona narudi kinyumenyume mpaka nje ya kibanda nikiwa nimeshika duara la waya, akaniuliza kama naibariki. Nikamwambia aendelee na vocha zake.

Ndipo nikaiweka filamu. Taa ya picha sikuiwasha, nilitaka kusikia tu. Mashine ikaanza kukereza kwa ule mlio wake ninaoujua kuliko sauti ya mama yangu, kisha akatoka mwanaume. Sauti nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kusema bila kipaza sauti. Kirundi changu ni cha sokoni, sikufuata habari, lakini nilinyanyuka kitini. Kisha akakatika. Akarudi. Akakatika tena. Maneno machache, kimya, maneno machache, kimya, kama mtu anayezama kwenye maji na kuibuka.

Niliilaumu mashine, kwa kuwa kazi yangu ni kuzilaumu mashine. Nikafikiri ni kile kitambaa kinachoikandamiza filamu kwenye hedi, nikakibadilisha. Nikafikiri ni kovu kwenye belti. Nikafikiri ni risasi ya kulehemu iliyopasuka mahali, nikalehemu upya viungo vyote nilivyoweza kuviona na miwani yangu, na vingine kwa kupapasa. Kila nilipojaribu nilicheza kipande kifupi tu, kwa kuihurumia filamu, na kila nilipojaribu katekista alizama na kuibuka vilevile. Siku moja nilikaa chini nikataka kulia, si kwa ajili yao, kwa ajili yangu. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba chai ilipoa mkononi.

Nikaamua kuiacha iende yote, mwanzo hadi mwisho, mimi nisikilize nimefumba macho. Hapo ndipo nilipolisikia kosa lenyewe. Mwanzoni mwa rili vimya vilikuja taratibu, ungeweza kumeza funda la chai kati ya kimoja na kingine. Kadiri rili ilivyozidi kupungua unene, vikakaribiana. Kosa la mashine halifanyi hivyo. Belti yenye kovu itagonga kwa mwendo uleule mpaka unachomoa umeme. Chukua kidonge cha uzi wa cherehani, kidondoshee wino upande mmoja, kisha ukikunjue: madoa ya juu yatakuwa yameachana, ya ndani yatakaribiana. Kosa lilikuwa kwenye filamu yenyewe. Rili ilikuwa imekaa mahali muda mrefu, ubavu mmoja umeelekea kitu chenye sumaku kali, na kitu hicho kilikuwa kimeila kila mzunguko mahali palepale. Karibu kabisa na kitovu, ambako hakikufika, katekista alisema bila kukatika mpaka mwisho.

Projekta ilikuwa imepona na haikuwa na faida. Kilichofutwa na sumaku hakuna fundi anayekirudisha, awe wa Mpanda au wa Ulaya. Nilimpigia simu yule mama nikamwambia mashine iko tayari, na kwamba sauti ina sehemu zilizokufa. Akaniuliza kama jina lipo. Nikamwambia silijui jina lenyewe, nitajuaje kama lipo. Akasema nije nayo.

Tulikwenda na Noah ya jirani. Njiani tulisimama kusubiri ng'ombe wa Wasukuma wavuke barabara, kundi refu, na yule kijana wa ng'ombe hakuwa na haraka hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeipakata rili kwenye blanketi kwa sababu sikuamini kitu chochote cha chuma ndani ya gari lile. Nilifika mgongo umekuwa ubao.

Walikuwa wamepanga tuonyeshe mchana ndani ya ghala la mahindi, madirisha yamezibwa kwa turubai, ukuta umepakwa chokaa. Spika yangu, nilipoijaribu, ilikuwa imepasuka karatasi kwa mitikisiko. Yule mama akasema isiwe tabu, ipo spika ya zamani ya kanisa, bado inalia. Wakaileta vijana wawili wamesaidiana kuibeba: kasha zito la mninga, pembe zake zimeungwa vizuri bila msumari unaoonekana. Alilichonga baba yake, alisema. Spika ilikuja kutoka misheni ikiwa tupu, yeye akaitengenezea nyumba. Nikawa nainama kuunganisha waya, na nilipoinua macho nikamwona ameitoa rili kwenye blanketi na kuiweka juu ya kasha.

Niliinyakua kwa nguvu mpaka akarudi nyuma. Nikamwambia asiiweke hapo, nyuma ya spika kuna sumaku kubwa, itafuta kila kitu.

“Mbona ndimo ilimokuwa,” alisema.

Nikamwuliza ndimo wapi. Akanieleza bila wasiwasi. Walipotaka kutoa spika ya zamani waweke mpya, yeye alifungua skrubu za mgongo wa kasha, na nyuma ndani, kimebanwa kati ya mbao na sumaku, akakuta kitu kimezungushiwa kitambaa na nailoni. Huko mchwa hawafiki, panya hawafiki, na bisibisi ya kulifungulia aliiweka baba yake mwenyewe, hakumwazima mtu mpaka anakufa. Kwa mama yake alikuwa amesema tu kwamba imepatikana kanisani. Alipokuwa akisema hivyo nilimwona anaelewa, uso ukabadilika polepole.

“Kwa hiyo baba ndiye aliyeifuta,” alisema.

Nikakubali kwa kichwa. Akaniomba nisimwambie mama yake, niseme ni uzee wa filamu. Ameshamsema vya kutosha marehemu, alisema, asipate kingine. Mimi nilikubali haraka. Nilikuwa nimechoka, na uongo ule ulikuwa mfupi.

Mjane wa katekista aliletwa ameshikwa mkono. Alikuwa mdogo wa umbo, amenyooka, kanga mbili safi. Nilimwamkia, akaniitikia, akaomba apelekwe kwenye mashine. Aliipapasa kuanzia juu mpaka kwenye mikono ya rili, akanusa, akasema mafuta yananukia vilevile. Walimwekea kiti mbele ya ukuta mweupe pamoja na wengine. Akakikataa. Alikigeuza mwenyewe, akakaa ameupa mgongo ukuta na kuelekea kasha la spika, magoti yake yakiligusa.

Nikawasha. Ghala lilijaa miguno. Watu waliona miti mirefu iliyokuwa mahali palipo na mashamba yao, waliona akina mama zao wakiwa wasichana, wakatajana, wakacheka, mzee mmoja akajiona anapanda juu ya paa bila shati. Mjane hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayeungama, na mumewe akawa anamsemesha maneno machache, kimya, maneno machache, kimya. Binti yake alikuja kusimama karibu yangu, akawa ananitafsiria sikioni.

Mtoto alipita akitokea kushoto. Alikuwa na kaptura kubwa aliyoishika kwa mkono mmoja isianguke, anakimbia, anaangalia nyuma badala ya mbele. Sauti ya katekista ikabadilika. Kabla hajatamka chochote alivuta pumzi, na ndani ya ile pumzi kulikuwa na kicheko anachokizuia. “Na huyu hapa anayekuja,” alinitafsiria binti yake, “huyu hapa ni...” Kisha kimya. Mtoto akaendelea kukimbia ndani ya kile kimya, akatoka upande wa kulia. “...wangu,” ilisema sauti iliporudi, sasa ikicheka waziwazi, “hawezi kukaa hata akifungwa kamba.”

Mjane aliinua mkono. Nilisimamisha mashine, nikazima taa isiunguze filamu, nikarudisha nyuma taratibu. Tukarudia. Pumzi, huyu hapa ni, kimya, kicheko. Akaomba tena, nikarudia tena. Sikumwambia kwamba hata hedi iliyotibiwa, kila inapopita, inaondoka na kitu kidogo, kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kuondoka pale.

“Fundi,” alisema, “mashine imeharibika hapo?”

Nilimwambia mashine ni nzima, ila filamu imezeeka, mama, vitu vya zamani ndivyo vilivyo. Mkono wake ulikuwa juu ya mninga.

“Mimi sioni,” alisema. “Nasikia vizuri. Sema tena hayo uliyosema.”

Sikuweza kuyasema tena. Nilimtazama binti yake, naye akatazama chini. Basi nikamweleza mjane yote, kwa maneno rahisi niliyoweza: kwamba filamu ile haikuchomwa, kwamba ilifichwa ndani ya kasha hilihili analoligusa, imeegemea sumaku ya spika, na kwamba sumaku ndiyo iliyokula sauti, kila mzunguko, polepole, miaka yote. Nikamwambia aliyeiweka hakujua. Mtu akitaka kuinusuru filamu na mchwa wa huku asingepata mahali pazuri zaidi. Nilijisikia vibaya, kama nimemvua marehemu nguo.

Akauliza ilikuwa imefungwa na nini. Binti yake akatoa kitambaa kwenye mkoba, kitambaa cha mezani chenye maua ya kudarizi, kimegeuka manjano. Mjane alipitisha vidole juu ya maua, akayahesabu kimyakimya, akatoa sauti ya puani ambayo sikujua kama ni kicheko.

“Hiki nilimsema nacho jirani yangu mpaka akahama,” alisema. “Nilisema kaniibia.”

Alikaa na kile kitambaa mapajani. Hakuna aliyemharakisha. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika mgongo wangu, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile yote sikutamani kuwa mahali pengine.

“Alisema ameichoma,” alisema baadaye, si kwetu. “Na kila Jumapili kanisani alikuwa anasimama mbele ya kasha hili. Mimi nilikuwa nakaa benchi la pili, namwangalia, nasema huyu mtu ana jiwe.” Akalipigapiga kasha kwa kiganja, taratibu, namna unavyompigapiga mtoto mgongoni alale. Kisha akageuza uso upande niliokuwa mimi. “Fundi, nirudishie pale panaponyamaza.”

Nilirudisha. Niliwasha taa, ingawa hakuihitaji. Mtoto akaja akitokea kushoto, ameshika kaptura. Katekista akavuta ile pumzi yake, akasema huyu hapa ni, na akakatika. Na ndani ya kimya kile, kabla mumewe hajarudi, mjane akalitaja jina. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mama anayemwita mtoto aje ale. Sauti ya katekista ikamdaka palepale, wangu, ikicheka.

Sitaliandika hapa, si langu. Nililiona likipita kwenye uso wa binti yake, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyekuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Midomo yake ililirudia bila sauti ili asilisahau, huku kaka yake akimalizia kukimbia ukutani.